Namba za Viwanja Ndani ya Katiba: Kisa cha Kasino Nne za Ohio

Fungua katiba ya jimbo la Ohio, Marekani, ufike Ibara ya 15, kifungu cha 6. Katikati ya lugha ya kawaida ya kikatiba utakutana na namba za viwanja. Ni namba zilezile za daftari la ardhi la kaunti, zinazotaja ploti ipi mjini Cleveland, ipi Cincinnati, ipi Toledo na ipi Columbus itajengwa kasino. Katiba ambayo kwingine inazungumzia haki ya kuabudu na uhuru wa kusema, hapa inazungumza kama hati ya dalali.

Kisa hiki kinaeleza jinsi namba hizo zilivyofika pale. Kampuni na viongozi waliosimama hadharani nimewataja, kwa kuwa habari zao ziko wazi. Wakusanya saini, wafanyakazi na wakazi wa kawaida nimewaacha bila majina.

Usuli

Ohio ilipiga marufuku bahati nasibu katika katiba yake ya 1851. Mlango ulianza kufunguliwa polepole: mwaka 1973 wapiga kura waliruhusu bahati nasibu ya serikali, na 1975 wakaruhusu bingo ya hisani. Kasino zikabaki nje. Aliyezitaka ilimlazimu kubadili katiba kwanza.

Tangu 1912 wananchi wa Ohio wanaweza kupendekeza mabadiliko ya katiba bila kulipigia magoti bunge la jimbo. Unaandika kifungu chako, mwanasheria mkuu wa jimbo anakagua kama muhtasari wake unasema kweli, kisha unakusanya saini. Idadi inayotakiwa ni 10% ya kura zote zilizopigwa za ugavana katika uchaguzi uliopita, na saini hizo lazima zitawanyike katika kaunti zisizopungua 44 kati ya 88. Mwaka 2009 hiyo ilimaanisha saini halali zaidi ya 400,000. Ukivuka hapo, hoja inaingia kwenye karatasi ya kura, na nusu ya kura ukiongeza moja inatosha.

Msomaji wa Kenya atakumbuka BBI, ule mpango wa kubadili katiba ya nchi yake. Pale nako katiba inafungua njia ya wananchi: saini milioni moja, kisha mabunge ya kaunti. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema Rais hawezi kuitumia njia hiyo, kwa kuwa imewekwa kwa ajili ya raia wasioshika hatamu za dola. Ohio haikuwa na tatizo la rais. Ilikuwa na swali lake, gumu vilevile: kampuni ikiandika kifungu, ikalipa wakusanya saini na ikanunua matangazo ya televisheni, je, hiyo bado ni hoja ya wananchi? Kisheria, ndiyo. Tena mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikuwa imeifuta sheria ya Ohio iliyozuia wakusanya saini kulipwa kwa idadi ya saini. Mwenye fedha alikuwa na njia nyeupe.

Nje ya mipaka mambo yalikuwa yameshabadilika. Indiana ilikuwa na kasino za kwenye meli tangu miaka ya 1990. Detroit, mwendo mfupi tu kutoka Toledo, ilifungua zake kuanzia 1999. Pennsylvania iliruhusu mashine za sloti mwaka 2004, na West Virginia ikaongeza meza za karata kwenye viwanja vyake vya mbio za farasi mwaka 2007. Mkazi wa Ohio aliyetaka kucheza aliwasha gari, akavuka mpaka, akaacha fedha zake kwa jirani. Hoja hiyo ya "pesa zetu zinaondoka" ndiyo iliyobeba kampeni nzima baadaye, na haikuwa ya uongo.

Mfululizo wa matukio

Wapiga kura wa Ohio walikataa kasino mara nne: 1990, 1996, 2006 na 2008. Mara ya nne ndiyo inayofundisha zaidi.

Mwaka 2008 kampuni moja ilipendekeza kasino moja tu, katika kaunti ya Clinton, kando ya barabara kuu kati ya Cincinnati na Columbus. Aliyeibuka kuipinga kwa mamilioni ya dola hakuwa mchungaji wala chama cha wazazi. Alikuwa Penn National Gaming, kampuni ya kasino. Penn ilimiliki kasino kubwa ya Lawrenceburg, Indiana, jirani kabisa na Cincinnati, na wateja wake wengi walitoka Ohio. Matangazo yake yaliushambulia mwanya wa kodi uliokuwa ndani ya kifungu, na hayakusumbuka sana kuzungumzia dhambi ya kamari. Hoja ilianguka kwa takriban 62%.

Mwaka mmoja haukupita, Penn ikageuka. Iliungana na Dan Gilbert, tajiri wa mikopo ya nyumba na mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Cleveland Cavaliers, wakaleta hoja mpya: kasino nne katika miji minne. Gilbert angechukua Cleveland na Cincinnati, Penn ikachukua Toledo na Columbus.

Wakati uliwapendelea. Ukosefu wa ajira Ohio ulikuwa umevuka 10%. Gavana Ted Strickland, mchungaji wa Kimethodisti aliyeipinga kamari kwa miaka, alibanwa na bajeti hadi yeye mwenyewe akapendekeza mashine za bahati nasibu za video kwenye viwanja vya mbio za farasi. Septemba 2009 Mahakama ya Juu ya Ohio ikaamua kwamba mpango huo unaweza kupelekwa kwenye kura ya maoni, hivyo ukakwama. Strickland aliendelea kuipinga hoja ya kasino, lakini ilikuwa vigumu kuhubiri dhidi ya pombe huku wewe mwenyewe umeomba leseni ya baa.

Upinzani uliongozwa na watu wazito, akiwemo Seneta George Voinovich, adui wa kamari wa siku nyingi. Ila fedha za upinzani zilitoka kwa kiasi kikubwa katika MTR Gaming, wamiliki wa kasino ya Mountaineer huko West Virginia na kiwanja cha farasi cha Scioto Downs karibu na Columbus. Kwa maneno mengine, kilekile Penn ilichokifanya 2008, safari hii kilifanywa na mwingine dhidi ya Penn. Upande wa kuunga mkono ulitumia zaidi ya dola milioni 40, ukapata pia baraka za chama cha maafisa wa polisi wa jimbo.

Tarehe 3 Novemba 2009 hoja ilipita kwa 53%. Kaunti ya Franklin, yaani Columbus yenyewe, mojawapo ya miji minne iliyopewa kasino, ilipiga kura ya hapana.

Maamuzi yaliyofanywa, na kwa nini

Kubadili katiba halikuwa jambo la hiari, kwa sababu marufuku ilikuwa humo. Hiari ilikuwa kwenye kiasi cha kuandika. Wangeweza kuandika sentensi moja inayolipatia bunge mamlaka ya kutoa leseni. Waliandika kurasa. Waliweka namba za viwanja, kodi ya 33% ya mapato yanayobaki baada ya washindi kulipwa, ada ya leseni ya dola milioni 50 kwa kila kasino, uwekezaji usiopungua dola milioni 250 kwa kila moja, na ukomo wa mashine 5,000 kwa kila jengo. Kilichoandikwa kwenye katiba bunge haliwezi kukigusa kwa sheria ya kawaida. Na kwa kuwa viwanja vinne vilitajwa kwa namba, mshindani wa tano hakuwa na pa kusimama.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kura. Kasino moja mashambani mwaka 2008 haikuwa na mtetezi nje ya kaunti yake. Miji mikubwa minne ilileta mameya, vyama vya wafanyakazi wa ujenzi na wapiga kura wa kaskazini mashariki, ambao walikuwa wengi na wenye njaa ya kazi.

Uamuzi wa tatu, ambao mimi nauona kuwa wa kijanja kuliko yote, ulikuwa mgao. Kila kaunti kati ya 88 ingepata kitu, hata ile ambayo mtu wake hajawahi kuona kasino. Asilimia 51 ya kodi ingeenda kwa kaunti, 34 kwa wilaya za shule kulingana na idadi ya wanafunzi, 5 kwa miji yenye kasino, 3 kwa tume ya kusimamia kasino, 3 kwa mbio za farasi, 2 kwa mafunzo ya askari na 2 kwa kuwasaidia walioshikwa na uraibu wa kamari. Aliyeandika mgao huo alijua hesabu za siasa. Diwani wa kaunti ya mbali aliyeipinga kamari kwa imani yake bado alilazimika kuwaeleza watu wake kwa nini anazikataa fedha.

Na tangazo lilihitaji tarakimu. Kampeni iliahidi ajira 34,000 na kodi ya dola milioni 651 kwa mwaka.

Matokeo

Kasoro ilijitokeza kabla hata kokoto hazijamwagwa. Wakuu wa Columbus hawakutaka kasino katika eneo la Arena lililotajwa, karibu na katikati ya mji. Wakakubaliana na Penn kuihamishia magharibi, kwenye kiwanja kilichoachwa na kiwanda cha vipuri vya magari cha Delphi. Makubaliano mazuri, lakini namba ya kiwanja ilikuwa kwenye katiba. Kwa hiyo Mei 2010 jimbo zima, kuanzia wakulima wa mpaka wa Indiana hadi wakazi wa bonde la mto Ohio, lilipiga kura kuamua jengo moja la Columbus lihame mtaa. Likakubali kwa 68%.

Kisha akaja gavana mpya, John Kasich, aliyeona jimbo limeuza leseni kwa bei ya chini. Hakuweza kugusa 33%. Alitafuta upenyo kwenye kodi nyingine ya biashara: je, ikatwe kwenye kila dola inayowekwa mezani, au kwenye kinachobaki baada ya washindi kulipwa? Kwa kasino, tofauti ya hapo ni ya mbingu na ardhi. Masika ya 2011 upande wa Gilbert ulisimamisha ujenzi Cleveland na Cincinnati. Juni wakapatana: upande wa Gilbert ungelipa jimbo dola milioni 110 kwa miaka kumi na Penn vivyo hivyo, jumla milioni 220, na swali la kodi likamalizwa.

Katika mapatano hayohayo njia ya mashine za video kwenye viwanja saba vya farasi ilifunguliwa. Msomaji asidanganywe na jina. Kwa mchezaji, mashine ya bahati nasibu ya video na mashine ya sloti ni mapacha. Anabonyeza, picha zinazunguka, salio linapungua. Aliyewahi kulisha dubwi sarafu katika mtaa wa Dar es Salaam hatahitaji maelezo. Kisheria, hata hivyo, moja ni "bahati nasibu" ya serikali, iliyoruhusiwa tangu 1973, na nyingine ni kasino.

Kasino ya Cleveland ilifunguliwa Mei 2012 ndani ya jengo la zamani la duka kubwa la Higbee, ya Toledo ikafuata mwezi huohuo, ya Columbus Oktoba, na ya Cincinnati Machi 2013. Jengo la Higbee lilitangazwa kuwa awamu ya kwanza tu. Kasino kubwa ya kando ya mto ingefuata. Haikujengwa.

Mapato? Katika miaka ya kwanza iliyokamilika, kasino zote nne zilibaki na takriban dola milioni 800 kwa mwaka, na kodi yake ikawa kama milioni 270. Hiyo haifiki nusu ya ile milioni 651. Kwa shule, iliyoahidiwa kuwa zaidi ya dola 100 kwa mwanafunzi kwa mwaka ikawa kama dola 50. Viwanja vya farasi vilivyojazwa mashine vikazipita kasino kwa mapato.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa kwanza ni kuligeuza adui mshirika. Kushindwa kwa 2008 kulionyesha nani ana nguvu ya kuzuia, na waliopanga 2009 wakamketisha mezani badala ya kupambana naye. Wengi wanaosimulia kisa hiki husema uchumi mbaya ndio ulioleta ushindi. Nadhani wanauzidishia. Mwaka 2008 uchumi ulikuwa tayari unaanguka na hoja ikashindwa vibaya. Tofauti kubwa kati ya kura hizo mbili ni kwamba Penn ilihama upande.

Mgao nao ulifanya kazi, na si kwenye kampeni tu. Kwa sababu umeandikwa kwenye katiba, bunge halijaweza kuupangua. Katiba inasema hata zaidi: fedha hizo ni za nyongeza, wala hazipaswi kuchukua nafasi ya wajibu wa jimbo. Ila hapa ndipo mfuko wa pili ulipotobolewa. Bajeti ya 2011 ilipunguza vikali fedha ambazo jimbo huzipa serikali za mitaa, na kodi ya mirathi iliyokuwa ikizisaidia ikafutwa kuanzia 2013. Kaunti zilipokea hundi za kasino kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukipokonywa. Kifungu kililinda njia ya fedha za kasino; hakikuweza kulinda bajeti iliyozunguka njia hiyo. Ukisoma hundi peke yake utasema ahadi imetimia kwa sehemu. Ukisoma vitabu vya kaunti, hutasema hivyo.

Kuhusu zile tarakimu, kosa halikuwa la matumaini peke yake. Makadirio ya 2009 yalipiga hesabu ya soko ambamo Ohio ina kasino nne na hakuna kingine, na majirani wamekaa kimya. Hali haikubaki hivyo, na waandishi wa kifungu walikuwa na sababu ya kulijua hilo, kwani pendekezo la mashine za viwanja vya farasi lilikuwa mezani katika miezi ileile ya kampeni. Uzio wao wa namba za viwanja ulimzuia mshindani anayejiita kasino. Haukumzuia yule aliyeingia kwa jina la bahati nasibu. Walifunga mlango wa mbele kwa kufuli la katiba, na dirisha likabaki mikononi mwa gavana. Tangu Januari 2023 kuna dirisha jingine: kubeti michezo kwa simu, kulikoruhusiwa na bunge kwa sheria ya kawaida.

Ugumu wa maandishi uliwaumiza waandishi wenyewe pale Columbus. Kura ya jimbo zima kwa ajili ya kuhamisha jengo moja ni gharama iliyotokana moja kwa moja na uamuzi wa kuandika namba za ploti. Wangeandika "ndani ya mipaka ya mji" wasingehitaji kurudi kwa wapiga kura. Lakini wangeandika hivyo, tajiri mwingine angeweza kununua ploti ya jirani na kudai leseni. Walichagua kuumia kwa Columbus ili wasiumie kwa mshindani, na kwa maslahi yao uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kwa maslahi ya jimbo, leseni nne zilizotolewa bila mnada, kwa bei iliyopangwa na wanunuzi, ni jambo gumu kulitetea. Zile milioni 220 za Kasich ni ushahidi mdogo kwamba bei ingeweza kupanda.

Asilimia 2 ya uraibu nayo ina funzo lake. Ni nzuri kuwa imo, kwa kuwa majimbo mengi huacha suala hilo kwenye huruma ya bajeti. Tatizo ni kwamba imefungwa kwenye mapato ya kasino, huku uchezaji ukihamia kwingine. Mtu anayepoteza mshahara kwenye mashine ya kiwanja cha farasi haongezi hata senti kwenye mfuko huo wa kasino.

Athari ndefu zaidi ilionekana 2015. Kundi la wawekezaji lilileta hoja ya kuhalalisha bangi kwa muundo uleule: viwanja kumi vya kilimo, vimetajwa kwa namba, wenyewe wanajulikana. Safari hii bunge liliwahi. Liliweka kwenye karatasi ileile hoja yake ya kuzuia katiba kutumika kumpa mtu ukiritimba, na mfano uliotajwa mara kwa mara ulikuwa kasino za 2009. Hoja ya bunge ilipita kwa kura chache, ya bangi ikaanguka vibaya. Mlango ambao Gilbert na Penn walipitia ukafungwa nyuma yao, nao wakabaki ndani.

Agosti 2023 bunge lilijaribu tena. Lilipendekeza kila badiliko la katiba lihitaji 60% ya kura na saini kutoka kaunti zote 88. Wapiga kura walikataa kwa 57%. Kama ingepita, hoja ya kasino iliyoingia kwa 53% isingeweza kupita tena leo, na yeyote anayetaka kuzifuta kasino hizo angehitaji 60% kuziondoa.